"Bila Kolesteroli", "Inaongeza Damu": Sheria Inadai Nini Kabla Chakula Hakijasifiwa Kwenye Lebo

Msimu wa Nane Nane ukifika, mabanda ya wasindikaji wadogo kwenye viwanja vya Themi, Njiro, hujaa bidhaa za kila namna, na karibu kila kifungashio kimebeba sifa. Mafuta ya alizeti yameandikwa "bila kolesteroli". Juisi ya embe "haijaongezwa sukari". Unga wa lishe "una virutubisho vyote anavyohitaji mtoto". Rozela "inaongeza damu". Asali iliyochanganywa na tangawizi na mdalasini inatibu vidonda vya tumbo, inasafisha figo na, kwa maandishi makubwa kuliko yote, inaongeza nguvu za kiume. Ukienda Soko la Mbuyuni, Moshi, hali ni hiyohiyo. Kwenye supamaketi za Arusha mjini, bidhaa za viwanda vikubwa na zile zinazotoka nje nazo zina sifa zake, ila zimepangwa kwa ufundi zaidi.

Kwa macho ya mnunuzi, sentensi hizo zote ni za ukoo mmoja. Kwa sheria ya chakula haziko hivyo. Ya embe inaruhusiwa ikitimiza masharti yake. Ya rozela haina haki kwa maneno hayo, lakini kuna namna ya kuisema upya ikiwa maabara itaiunga mkono. Ya alizeti ni ya kweli na bado ina kasoro. Ya unga wa mtoto imekatazwa. Na ile ya asali inaitoa asali kwenye chakula na kuiingiza kwenye dawa, pamoja na mizigo yote ya dawa.

Nalieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu ya watu wanaoyasoma maneno hayo kwa makini kuliko wengine. Anayetafuta "bila sukari" ni mtu aliyeambiwa juzi kwamba ana kisukari. Anayetafuta "inaongeza damu" ni mama mjamzito aliyepimwa kliniki akaambiwa damu yake iko chini. Hao hawanunui kwa kupendezwa na stika. Wananunua kwa sababu wanaumwa au wanaogopa kuumwa, na maneno yasipokuwa na kitu nyuma yake, wao ndio wanaolipa.

Dai ni nini

Chimbuko la kanuni karibu zote zinazotuhusu ni Codex Alimentarius, mkusanyiko wa viwango vya chakula vya kimataifa ulioanzishwa mwaka 1963 na mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, FAO la chakula na kilimo na WHO la afya. Codex inalielewa dai kwa upana mkubwa: ni maelezo yoyote yanayosema, yanayoashiria au yanayodokeza kwamba chakula kina sifa fulani, iwe ni sifa ya asili yake, ya virutubisho vyake, ya namna kilivyotengenezwa au ya jambo lingine lolote. Maana yake ni kwamba si lazima uandike. Mchoro wa moyo mwekundu kwenye dumu la mafuta ni dai. Picha ya mtu aliyevaa koti jeupe na kifaa cha kupimia mapigo ya moyo shingoni ni dai. Hata jina la bidhaa linaweza kuwa dai, likitungwa ili mnunuzi afikirie damu, mifupa au akili ya mtoto.

Kuna maandishi ambayo si dai: orodha ya viambato, na jedwali la virutubisho linaloonyesha nishati, protini, mafuta, sukari na sodiamu. Hayo ni taarifa. Uhusiano wake na madai ni kwamba ukishadai chochote kuhusu lishe, jedwali hilo linakuwa la lazima, na kirutubisho ulichokisifu lazima kiwemo pamoja na kiasi chake. Kwa hiyo pakiti inayosema "protini nyingi" mbele na nyuma haina jedwali imeshavunja kanuni kabla hata hatujauliza kama protini yenyewe imo.

Kutoka Codex hadi kwenye lebo ya Moshi kuna hatua mbili. Ya kwanza inapita hapahapa Arusha, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Chini ya sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango na ubora, kiwango kikishatangazwa kuwa cha Afrika Mashariki, kila nchi mwanachama inatakiwa kukipokea bila kukibadili ndani ya miezi sita, na kuondoa kiwango chake cha zamani kinachohusu jambo hilo. Kwa mada yetu viko vinne vya kukumbuka: EAS 38 kuhusu lebo za vyakula vilivyofungashwa, EAS 803 kuhusu maelezo ya virutubisho, EAS 804 kuhusu madai kwa ujumla, na EAS 805 kuhusu madai ya lishe na ya afya. Ndiyo sababu unga uliosagwa Moshi unaweza kuvuka Holili kwenda Taveta, au mafuta ya Arusha kuvuka Namanga, bila kuandikiwa lebo ya pili. Na ndiyo sababu dai lisilofaa huku halitafaa ng'ambo pia.

Hatua ya pili ni ya ndani ya nchi. Watu wengi bado wanaitaja TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, wanapozungumzia chakula, lakini tangu Julai 1, 2019 usimamizi wa chakula na vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Iliyokuwa TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba, ikaitwa TMDA. Mgawanyo huo wa ofisi mbili utakuwa na maana kubwa tukifika kwenye asali.

Nyuma ya neno lazima kuwe na namba

Madai ya lishe ni yale yanayosema chakula kina kitu fulani, hakina, kinacho kwa wingi au kinacho kidogo. Hapa Codex imeondoa ubishi kwa kuweka viwango vya namba. "Mafuta kidogo" maana yake ni gramu 3 za mafuta au pungufu kwa kila gramu 100 za chakula kisicho cha kimiminika, au gramu 1.5 kwa mililita 100 za kinywaji. "Bila mafuta" ni gramu 0.5. "Bila sukari" nayo ni gramu 0.5 kwa gramu au mililita 100. "Sodiamu kidogo" ni miligramu 120 kwa gramu 100. "Chanzo cha nyuzinyuzi" ni angalau gramu 3 kwa gramu 100, na "nyuzinyuzi nyingi" ni gramu 6. Dona halisi huvuka hiyo gramu 3 bila shida, na anayesaga dona ana haki kamili ya kulisema hilo. Nashangaa ni wachache wanaolisema, ilhali hapo hapo wameandika sifa tano wasizoweza kuzithibitisha.

Tuchukue sasa mafuta, maana hapa ndipo dai linapokuwa la kweli na bado likapotosha.

Kolesteroli hupatikana kwenye vyakula vya wanyama: mayai, nyama, maziwa, samli. Mimea karibu haina kabisa. Kwa hiyo mafuta ya alizeti hayana kolesteroli, ya mawese hayana, ya pamba hayana, ya ufuta hayana. Kampuni inapoandika "bila kolesteroli" kwenye dumu lake inataja sifa ya kila dumu la mafuta ya mimea lililo kwenye rafu ile, lakini mnunuzi anatoka dukani akiamini kwamba dumu la jirani lisiloandikwa hivyo linayo. Mwongozo wa Codex umeliona hilo. Unasema kutokuwepo kwa kitu kunaweza kutangazwa ikiwa kitu hicho ni kile ambacho mlaji kwa kawaida angetarajia kukikuta kwenye chakula hicho. Na chakula kikiwa hakina kitu kwa asili yake, dai liandikwe kwa namna inayoonyesha kwamba vyakula vyote vya aina hiyo viko hivyo, wala si sifa ya mtengenezaji mmoja.

Hilo ni kasoro ya kwanza. Ya pili ni kubwa zaidi na haizungumzwi. Jedwali la Codex linaruhusu "bila kolesteroli" pale tu chakula kinapokuwa na kolesteroli isiyozidi miligramu 5 kwa gramu 100 na, pamoja na hayo, kiwe na mafuta shibe kidogo sana: chini ya gramu 1.5 kwa gramu 100 za chakula kisicho cha kimiminika, au gramu 0.75 kwa mililita 100 za kimiminika, na yasichangie zaidi ya asilimia 10 ya nishati yake. Mafuta shibe ni yale yanayoganda kirahisi, na sharti hilo liliwekwa kwa sababu ya kitabibu: kinachopandisha kolesteroli ndani ya damu ya mtu, kwa sehemu kubwa, ni mafuta shibe anayokula, kuliko kolesteroli iliyomo kwenye chakula chenyewe. Sasa pima. Mafuta ya mawese yana takribani nusu yake mafuta shibe, karibu gramu 50 katika gramu 100. Mafuta ya alizeti ni mazuri zaidi, lakini nayo yana kama gramu 10 au 11. Kwa jedwali hilo hata alizeti haifaulu. Katika Umoja wa Ulaya dai la "bila kolesteroli" halimo kabisa kwenye orodha ya madai ya lishe yanayokubalika, na lisilo kwenye orodha haliruhusiwi.

Sisemi mafuta ya alizeti ni mabaya. Ukiyalinganisha na mawese, kwa moyo ni chaguo bora, na mkulima wa alizeti ana sifa za kweli za kutangaza. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye presha anayemimina mafuta bila kipimo kwa sababu dumu limemwambia "bila kolesteroli" amepewa ruhusa ambayo hakuna mtaalamu wa lishe angempa.

Sukari ina mtego unaofanana na huo. "Bila sukari" na "haijaongezwa sukari" ni ahadi mbili tofauti. Ya kwanza inahusu kilichomo, na kikomo chake ni ile nusu gramu. Ya pili inahusu alichofanya mtengenezaji: hakutia sukari ya aina yoyote, hakutia asali wala molasi wala sharubati ya glukosi, hakutia kiambato kingine chenye sukari ndani yake, hakutumia juisi nzito ya matunda wala tende zilizosagwa badala ya sukari, na hakutumia njia nyingine ya kuiongeza, kwa mfano vimeng'enya vya kuvunja wanga. Embe lenyewe lina sukari yake. Juisi safi ya embe isiyotiwa chochote bado huwa na zaidi ya gramu 10 za sukari katika mililita 100, kwa hiyo glasi ya robo lita ni gramu 25 au zaidi. Dai la "haijaongezwa sukari" ni halali kabisa kwenye juisi hiyo, na mgonjwa wa kisukari anayelisoma kama "bila sukari" anaumia kihalali kabisa. Hapa naona kanuni haijamlinda vya kutosha. Ulaya wamekwenda hatua moja mbele: sukari ikiwemo kwa asili, lebo hutakiwa kueleza kwamba bidhaa ina sukari ya asili. Msindikaji wa Arusha anaweza kuliandika hilo kwa hiari yake leo, kwa gharama ya mstari mmoja wa wino.

Protini inaonyesha jinsi namba zenyewe zinavyotegemea aliyeziweka. Kwa Codex, "chanzo cha protini" kinahitaji asilimia 10 ya kiwango rejea cha siku kwa gramu 100, na kiwango hicho ni gramu 50, kwa hiyo ni gramu 5. Unga wa mahindi wa kawaida una kama gramu 8. Amefaulu! Ulaya wanapima kwa njia nyingine: angalau asilimia 12 ya nishati yote ya chakula itoke kwenye protini. Gramu 8 za protini hutoa kalori 32, na unga huo una takribani kalori 360, yaani asilimia 9. Ameanguka. Mimi naona kipimo cha Ulaya kinaeleza ukweli zaidi katika hili, kwa sababu mtoto hujaa kwa nishati, na unga wa mahindi humjaza kabla hajapata protini ya kutosha. Tena protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, sehemu ya protini ambayo mwili hauwezi kujitengenezea, ndiyo maana soya na karanga huchanganywa kwenye unga wa lishe. Anayechanganya vizuri anapita vipimo vyote viwili, na hahitaji kukuza maneno.

Madai ya kulinganisha, kama "chumvi pungufu" au "sukari imepunguzwa", tuyapite kwa kifupi: tofauti iwe angalau asilimia 25 ikilinganishwa na bidhaa inayofanana, na bidhaa hiyo itajwe pamoja na kiasi cha tofauti. "Pungufu" isiyosema pungufu kuliko nini haikubaliki.

Pale chakula kinapogusa afya

Madai ya afya ni yale yanayounganisha chakula, au kilichomo ndani yake, na mwili wa mlaji. Codex inayagawa matatu. Kuna yanayoeleza kazi ya kirutubisho mwilini, kama kalsiamu na mifupa. Kuna yanayoeleza faida nyingine ya kiambato fulani kwa utendaji wa mwili. Na kuna yanayosema ulaji wa kitu fulani, ndani ya mlo mzima ulio mzuri, unaweza kupunguza hatari ya kupata ugonjwa fulani. Haya ya tatu ndiyo yenye masharti makali kuliko yote, kwa sababu magonjwa yana vyanzo vingi na lebo haitakiwi kumfanya msomaji aamini kwamba chakula kimoja kinatosha kumkinga.

Rozela itatusaidia kuona kanuni ikifanya kazi. "Inaongeza damu" kwa Mtanzania yeyote maana yake ni kwamba inaondoa upungufu wa damu. Upungufu wa damu ni ugonjwa, na kwa mjamzito unaweza kuua. Kwa hiyo sentensi hiyo ni ya tiba, na kwenye chakula haina nafasi. Lakini mtengenezaji anaweza kuwa na jambo la kweli mkononi, akilisema hivi: "Madini ya chuma huchangia kutengenezwa kwa hemoglobini. Kinywaji hiki ni chanzo cha madini ya chuma." Sifa imehama kutoka kwenye bidhaa kwenda kwenye kirutubisho, na kazi ya chuma katika kutengeneza hemoglobini ni jambo ambalo sayansi imeshalimaliza. Kilichobaki kwa mtengenezaji ni kuthibitisha nusu ya pili, kwamba kinywaji chake kweli ni chanzo.

Kwa vinywaji, njia mojawapo ya kupima ni asilimia 7.5 ya kiwango rejea kwa mililita 100. Kiwango rejea cha chuma katika Codex kina namba mbili: miligramu 14 kwa jamii zinazokula mlo mchanganyiko wenye nyama, samaki, matunda na mboga kwa wingi, na miligramu 22 kwa jamii ambazo mlo wao umeegemea nafaka na mizizi, kwa sababu chuma cha mlo kama huo hufyonzwa kidogo zaidi. Kwa namba ya kwanza rozela ingehitaji miligramu 1.05 kwa mililita 100. Kwa ya pili, miligramu 1.65. Ukiangalia sahani zetu za ugali, wali, makande na ndizi, namba inayotufaa ni ya pili. Juisi iliyochemshwa kwa maua machache na maji mengi, ikatiwa sukari, haiwezi kudhaniwa imefika hapo mpaka ipimwe. Na juu ya hayo Codex inataka faida inayodaiwa ipatikane kwa kiasi cha chakula ambacho mtu wa kawaida anaweza kula kwa siku. Kama faida inataka lita tano, hakuna dai.

"Inaongeza kinga" ni hivyohivyo. Kusema vitamini C huchangia utendaji wa kawaida wa kinga ya mwili kunakubalika Ulaya, ikiwa vitamini C imo kwa kiasi kinachotakiwa. Kusema unga wa mlonge "unaongeza kinga" bila kutaja kirutubisho wala kiasi ni sifa isiyopimika. "Inaondoa sumu mwilini" na "inasafisha figo" ziko mbali zaidi: figo ndizo zinazosafisha, na hakuna kirutubisho kinachotajwa.

Najua jibu ambalo wasindikaji wengi hutoa: mbona kuna utafiti kwenye intaneti? Upo, hasa kuhusu mlonge. Swali ni utafiti wa namna gani. Mwongozo wa Codex unataka dai la afya liegemee hasa tafiti zilizofanywa vizuri kwa binadamu, na zitazamwe zote kwa pamoja, zinazounga mkono na zinazopinga. Jaribio la maabara kwenye chembe hai au kwenye panya linaweza kuongezea maelezo, lakini peke yake halitoshi. Mfano mzuri wa dai lililofaulu ni la nafaka ya oti. Oti zina aina ya nyuzinyuzi iitwayo beta-glukani, na majaribio mengi kwa watu yalionyesha kwamba inapunguza kolesteroli ya damu. Marekani iliruhusu dai hilo mwaka 1997, na Ulaya nayo ikaliruhusu baadaye. Lakini angalia lilivyofungwa: faida hupatikana kwa gramu 3 za beta-glukani kwa siku, na Ulaya inataka kila kipimo cha mlo kiwe na angalau gramu 1, na mlaji aambiwe hivyo.

Marekani yenyewe ilifika huko kwa mabishano. Mwaka 1984 kampuni ya Kellogg, ikishirikiana na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya nchi hiyo, iliweka kwenye boksi za All-Bran ujumbe unaohusisha nyuzinyuzi na kupunguza hatari ya saratani. Mpaka wakati huo, kutaja ugonjwa kwenye boksi la chakula kulichukuliwa kuwa ni kukigeuza dawa. Wengine wakafuata, wengi wao bila taasisi yoyote nyuma yao, na mwaka 1990 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya lebo za lishe. Ulaya walitunga kanuni yao mwaka 2006, wakazitaka nchi wanachama kuwasilisha madai yaliyokuwa yakitumika. Yalifika kama 44,000, yakaunganishwa hadi 4,637, na orodha iliyotoka mwaka 2012 ilikuwa na madai 222 tu. Hayo ndiyo yaliyobaki baada ya kupimwa, kutoka kwenye soko lenye maabara na fedha nyingi kuliko letu.

Asali, watoto na maji

Kudai kwamba chakula kinazuia, kinatuliza au kinatibu ugonjwa ni mwiko. Atakayetaka kuiuza asali yenye tangawizi kama tiba ya vidonda vya tumbo amehama ofisi: anapaswa kwenda TMDA, au kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, na kuzithibitisha tiba na usalama wake huko. Hawezi kuwa na alama ya ubora ya chakula upande mmoja na maneno ya dawa upande mwingine. Alama ya TBS inathibitisha kwamba chakula kimekidhi kiwango chake. Haithibitishi kwamba kinatibu, na wanaoielekeza kidole wakati wanahubiri tiba kwenye stendi ya mabasi wanaitumia isivyo.

Kuhusu watoto wachanga na wadogo, kanuni ni fupi: madai ya lishe na ya afya hayaruhusiwi kwenye vyakula vyao, isipokuwa pale kiwango mahususi kinaporuhusu. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulilisisitiza hilo mwaka 2010, na Tanzania ina kanuni zake za mwaka 2013 zinazodhibiti uuzaji wa vyakula vya watoto. Kwa nini ukali huu? Kwa sababu mtoto hachagui, na mama anayesoma kwamba unga fulani una "virutubisho vyote" anaweza kupunguza kunyonyesha au kuacha kumpa yai, dagaa na mboga. Tena hakuna chakula kimoja chenye vyote. Codex inakataza dai hilo hata kwa watu wazima. Kwa unga wa lishe wenye mahindi na karanga, jambo la kwanza la kumhangaisha mzalishaji lingepaswa kuwa sumukuvu, yaani sumu isiyoonekana kwa macho inayotolewa na kuvu wanaoota kwenye nafaka na karanga zisizokaushwa vizuri. Lebo haitakuambia kama imo. Kipimo ndicho kitakachosema.

Maji ya chupa yanatuhusu sisi wa kaskazini kwa namna ya pekee. Maji ya maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, na meno ya kahawia ya watu waliokulia huko yanalijulisha hilo. Kiwango cha Codex cha maji ya asili yenye madini, mbali na kukataza madai ya tiba, kinalazimisha lebo iseme "yana floraidi" yakizidi miligramu 1 kwa lita, na yakizidi miligramu 1.5 iseme kwamba hayafai kwa watoto wachanga na walio chini ya miaka saba. Kwa hiyo ukiona chupa yenye picha ya mlima na neno "asilia" kwa maandishi makubwa, tafuta mstari wa floraidi. Ndio wenye habari.

Kwa anayeandika lebo, na kwa anayeisoma

Wasindikaji wengi ninaowafahamu si matapeli. Waliiga lebo ya jirani, na jirani aliiga ya mwingine. Kwa mtu wa namna hiyo ushauri wangu ni kuanza na sifa moja iliyo rahisi kuthibitisha: nyuzinyuzi za dona, protini ya soya, kutokuongeza sukari. Apite SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ambako wajasiriamali husaidiwa kuhusu ufungashaji na kuelekezwa TBS, apime bidhaa, achapishe jedwali, ndipo aandike dai kwa maneno yanayolingana na namba. Afanye hivyo kabla ya kuchapa stika elfu tano, maana stika zilizokataliwa ni hasara yake. Na kama anauza kwa maneno "kilimo hai", ajue kwamba nako kuna kiwango cha Afrika Mashariki tangu mwaka 2007 na alama yake ya Kilimohai, hivyo shamba lisilokaguliwa halipaswi kuitumia.

Kwa msomaji, mpangilio unaofaa ni kugeuza pakiti kabla ya kuamini. Soma viambato kwanza, kwa kuwa hupangwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito. Kama sukari ni ya pili kwenye "kinywaji cha afya", umeshapata jibu. Kisha nenda kwenye jedwali, safu ya gramu 100, usidanganywe na kipimo kidogo cha mlo kilichochaguliwa ili namba zipendeze. Sodiamu izidishe mara 2.5 upate chumvi, na kumbuka WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku.

Ukikuta dai la kutibu ugonjwa, au "bila sukari" ambayo jedwali lake lenyewe linaikana, peleka malalamiko TBS, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini jijini Arusha. Udanganyifu wa kibiashara kwa ujumla unaweza pia kuripotiwa Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Usiende na maneno matupu. Hifadhi kifungashio chenyewe na risiti, piga picha pande zote, na hakikisha namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi na anwani ya mtengenezaji vinasomeka. Bila namba ya toleo mkaguzi hawezi kujua ni mzigo upi wa kuufuata. Na pakiti isiyo na anwani ya mtengenezaji tayari ni kosa lenye kuripotiwa, hata kama haijadai chochote.